Wembamba wa Reli: Honda Civic Type R, Injini Yake na Maisha Yake Katika Mchezo wa Video

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usione wembamba wa reli, gari la moshi hupita. Methali hii inaafiki hali ya Honda Civic Type R, gari lililotolewa nchini Japani mnamo Agosti 1997 na ambalo wapenzi wa magari hulitambua kwa msimbo wake, EK9. Kwa sura, ni gari dogo la nyumbani: milango miwili ya pembeni, mmoja wa nyuma unaofunguka kuelekea juu, na injini ya ukubwa wa sentimita za ujazo 1,595. Hata hivyo, injini hiyo ilitoa nguvu za farasi 185 bila msaada wa tabochaji.

Gari hili lilitengenezewa soko la Japani pekee. Ajabu ni kwamba vijana wengi wa mabara mengine walilifahamu kabla ya kuliona, na baadhi yao hawajaliona hadi leo. Walilijua kupitia runinga, wakiliendesha kwa vidole. Makala hii inadhamiria kufafanua asili ya gari lenyewe, namna injini yake ilivyofanya kazi, na jinsi mchezo wa video ulivyolisambaza. Aidha, inachunguza kile ambacho mchezo uliweza kukihifadhi na kile ambacho haukuweza.

Asili ya Gari

Kampuni ya Honda iliundwa na Soichiro Honda mwaka 1948, ikaanza kutoa gari la Civic mwaka 1972. Civic lilikuwa gari la mtu wa kawaida: dogo, lisilokunywa mafuta mengi, na la bei nafuu. Sambamba na hayo, kampuni ilikuwa na historia ya mashindano. Mwaka 1965, katika mbio za Formula 1 zilizofanyika Mexico, dereva Richie Ginther aliipatia Honda ushindi wake wa kwanza akiwa katika gari jeupe lenye duara jekundu la jua la Japani.

Jina la Type R lilikusudiwa kuunganisha pande hizo mbili. Lilianza na gari la fahari la NSX mwaka 1992, likafuatiwa na Integra mwaka 1995, kisha Civic mwaka 1997. Rangi nyeupe, nembo nyekundu na viti vyekundu vilikuwa ukumbusho wa ule ushindi wa 1965. Tofauti ni kwamba NSX lilikuwa gari la matajiri, ilhali Civic liliuzwa kwa bei isiyofika yeni milioni 2. Kwa mara ya kwanza, kijana mwenye mshahara wa wastani angeweza kutamani gari la aina hii na pengine kulipata.

Siri ya Injini

Injini ya petroli huishi kwa kupumua. Vali za kuingizia hufunguka ili kupokea mchanganyiko wa hewa na mafuta, na baada ya mlipuko vali za kutolea hufunguka ili kuondoa moshi. Kinachozifungua ni mhimili wenye vinundu, ambao mafundi huuita kamshafti. Umbo la kinundu ndilo huamua vali ifunguke kiasi gani na kwa muda gani.

Hapa ndipo penye utata. Injini inapokwenda polepole, kinundu kifupi ndicho kifaacho, kwani kirefu huifanya itetemeke na kupoteza mafuta. Inapokwenda kasi, mambo hugeuka: muda wa kuvuta hewa huwa mfupi mno, na kinundu kifupi huinyima pumzi. Kwa miaka mingi wahandisi walilazimika kuchagua upande mmoja. Waliotengeneza gari la kwendea sokoni walichagua utulivu, na waliotengeneza gari la mashindano walichagua kasi.

Mhandisi Ikuo Kajitani na wenzake katika Honda walikataa kuchagua. Katika mfumo wa VTEC, uliotumiwa kwanza katika Integra mwaka 1989, kila jozi ya vali ilipewa vinundu vitatu: viwili vifupi pembeni na kirefu katikati. Katika mwendo wa kawaida, vile vifupi ndivyo hutawala. Injini ya EK9 inapofikia takriban mizunguko 6,000 kwa dakika, shinikizo la oili husukuma pini ndogo zinazoiunganisha mikono mitatu ya vali ikawa kama mmoja, na kinundu kirefu kikashika hatamu. Mlio hubadilika mara moja, na gari huchanganya mwendo kana kwamba limepata injini ya pili.

Nguvu zile 185 zilipatikana kwenye mizunguko 8,200 kwa dakika. Katika kasi hiyo, mhimili mkuu wa injini huzunguka takriban mara 137 kwa sekunde moja, na kila vali hufunguka na kujifunga mara 68 hivi katika sekunde hiyo hiyo. Ili vyuma vistahimili adhabu kama hiyo, ilibidi kila kitu kitengenezwe kwa uangalifu mkubwa. Njia za kupitishia hewa zililainishwa kwa mkono. Bodi iliongezewa uchomeleaji ili isipinde katika kona, na vifaa vya kupunguza kelele vikaondolewa ili kupunguza uzito. Gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 1,050 hivi. Kwa hivyo kila nguvu moja ya farasi ilibeba chini ya kilo 6.

Kutoka Barabarani Hadi kwenye Runinga

Mnamo Desemba 1997, miezi minne tu baada ya gari hili kutolewa, mchezo wa Gran Turismo ulianza kuuzwa Japani kwa ajili ya mtambo wa PlayStation. Mwasisi wake, Kazunori Yamauchi, hakutaka magari ya kubuni. Alitaka magari halisi, na kila moja liwe na tabia yake. Mchezo huo uliuzwa zaidi ya nakala milioni 10 ulimwenguni. EK9 limo katika Gran Turismo 2 ya mwaka 1999, katika toleo la nne la 2004, na hata katika toleo la saba la 2022.

Mchezaji hakukabidhiwa gari la kifahari papo hapo. Alifanya mitihani ya leseni, akanunua gari dogo kwa fedha chache, akashinda mbio ndogo, kisha akaliboresha. Haba na haba hujaza kibaba. Katika safari hiyo, magari madogo ya Japani yalipata heshima ambayo michezo mingi ya awali iliyapa magari ya Ulaya.

Isitoshe, mchezo ulifundisha. EK9 huvutwa na magurudumu ya mbele, ambayo wakati huo huo ndiyo yanayokata kona. Mchezaji aliyekanyaga mafuta mapema mno aliliona gari likikaidi usukani na kutoka nje ya barabara. Alijifunza kufunga breki kabla ya kona, si ndani yake, na kuchagua gia itakayouweka mshale juu ya mizunguko 6,000. Wengi waliielewa VTEC kwa masikio na vidole kabla ya kuisoma popote.

Kilichobaki na Kilichopotea

Utengenezaji wa EK9 ulikoma mwaka 2000. Nchini Kenya, ambako usukani huwa upande wa kulia kama ilivyo Japani, gari hili lingeweza kufaa barabara bila kubadilishwa. Lakini sheria hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka 8, na kufikia 2009 hata yale ya mwisho yalikuwa yamefungiwa mlango. Marekani ina kanuni iliyo kinyume: magari kama haya huruhusiwa baada ya kutimiza miaka 25. Mlango huo ulifunguka mwaka 2022, na waliokuwa watoto wakicheza Gran Turismo wakawa watu wazima wenye fedha. Gari lililokusudiwa kijana wa mshahara wa wastani sasa limempita mbali.

Mchezo, basi, umebaki njia ya pekee kwa wengi kulifikia. Ni hifadhi yenye thamani, ila ina mapengo. Katika Gran Turismo ya kwanza, gari liligonga ukuta lisipondeke, na dereva hakuumia. Vidole havihisi uzito wa mwili unapotupwa upande katika kona, wala pua hainusi breki zinazoungua. Anayedhani kuwa ameijua barabara kwa kuijua runinga anajidanganya, na barabara haina kitufe cha kuanza upya.

Hitimisho

Imebainika kwamba udogo wa EK9 haukuwa udhaifu. Nguvu zake zilitokana na vinundu, pini na mikono ya mafundi, mambo ambayo jicho la mpita njia haliyaoni. Mchezo wa video uliyapa mambo hayo sauti na mwendo, ukayafikisha mahali ambapo gari lenyewe halikuweza kufika. Hata hivyo, mchezo ni kumbukumbu ya gari. Chuma chenyewe kinazidi kupungua mwaka baada ya mwaka, na kazi ya mkono iliyolainisha njia zile za hewa haiwezi kuguswa kwenye kioo cha runinga.