Sigara za Mkono na Sigara za Mtambo

Katika maduka na vibanda vya River Road, Nairobi, mara nyingi muuzaji husifu mali yake kwa kusema kwamba imetengenezwa kwa mkono. Husifiwa hivyo jiko la bati, kiatu cha akala, na shati la fundi cherehani. Katika habari ya tumbaku pia sifa hiyo hutajwa, na huko yaweza kumpoteza mnunuzi. Kwa hiyo yafaa maana yake ieleweke.

Nchi iliyovuma zaidi kwa kazi hiyo ni Cuba. Huko hutengenezwa sigara nene zisizo na karatasi, zilizo tumbaku tupu nje na ndani. Sigara hiyo ina sehemu tatu: tumbaku ya ndani, jani la kuishikanisha, na jani laini la nje lililochaguliwa kwa uzuri wake.

Sigara za bei kubwa hujazwa majani marefu, toka ncha hata ncha. Vipande vinavyobaki katika kazi hiyo havitupwi, bali hujazwa katika sigara za bei nafuu, ziitwazo za tumbaku fupi. Hizo ndizo hutengenezwa kwa njia mbili.

Kwa njia ya mkono, fundi hukusanya vipande na kuvikunja ndani ya jani la kushikanisha. Kisha hukata jani la nje kwa kisu kipana kisicho na mpini, huliviringisha taratibu, na kulibandika kwa gundi ya mimea. Vidole vyake humwambia mahali palipokazwa mno, ambapo moshi hautapita, na mahali palipolegea, ambapo moto utakwenda mbio.

Kwa njia ya mtambo, vipande hupimwa na kukunjwa kwa chuma. Mara nyingi, badala ya jani la kushikanisha, hutumiwa kitu mfano wa karatasi, kilichofanywa kwa vumbi na vikonyo vya tumbaku vilivyosagwa na kuchanganywa na gundi. Sigara hutoka nyingi, zote sawasawa, na bei yake ni ndogo. Lakini ziwe za mkono au za mtambo, sigara za tumbaku fupi huungua upesi kuliko zile za majani marefu, na majivu yake huanguka mapema.

Anayetaka kuzitambua na asome maandishi ya sandukuni. Tangu mwaka 1989 Cuba imetumia maneno "Totalmente a mano", yaani kwa mkono kabisa. Maneno "Hecho a mano", yaani kwa mkono, yakiwa peke yake hayatoshi, kwani huenda mtambo umejaza na mkono umemaliza tu. "Tripa corta" ni tumbaku fupi.

Hapa Kenya pia iko sigara ya mkono, nayo ni kiraiku, tumbaku kali iliyokaushwa na kuviringishwa katika karatasi. Wako wadhanio kwamba haina madhara kwa kuwa haikupita kiwandani. Dhana hiyo si kweli. Sumu ya tumbaku imo katika jani lenyewe, na sumu nyingine huzaliwa na moto. Hata asiyeuvuta moshi mpaka mapafuni aweza kupatwa na saratani ya kinywa au ya koo. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 yakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, wala haibagui ya mkono na ya mtambo.

Basi neno "kwa mkono" humweleza mnunuzi jinsi sigara ilivyokunjwa, na pengine sababu ya bei yake. Juu ya afya yake halimwambii neno. Asiyevuta asianze, na avutaye akitaka kuacha, aende zahanati iliyo karibu akaombe shauri.