Fomu ni Kericho: Usirudi na Picha Pekee

Ukiwa na wikendi tupu na ganji kiasi, beba begi ya mgongo uingie Kericho. Huhitaji gari ya mtu. Panda mathree ya Nakuru pale tao, ushuke, ushike ingine ya Kericho. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 260, na ukifika Mau Summit baridi inaanza kukukamata masikio. Jaketi ya mvua usiache. Huko jua ikishaanza kurudi chini, mvua hukam karibu kila siku, na hiyo mvua ndio inalisha chai.

Mimi ni mtoi wa Vitshumbi, kijiji ya wavuvi pale Ziwa Edward, Kongo, ndani ya mbuga ya Virunga. Sheng nimefunzwa na mtaa za Nairobi. Kwetu ni tambarare na maji, so Kericho ilinimaliza. Milima zote zimenyolewa sawa, kama fedi ya kinyozi mkali, kijani mpaka macho ichoke.

Lakini hiyo kijani haijinyoi. Amka mapema uone. Mathe mmoja alinikubalia nimfuate shambani. Analaza fito juu ya miti ya chai, halafu anachuma tu yenye imepita fito: majani mbili na chipukizi katikati. Vidole zinakata, mkono inarusha nyuma ya bega, kikapu inadaka. Hata haangalii nyuma. Ananishow jani ikikomaa sana inaharibu chai, so lazima arudi kwa mti huo huo kila wiki ama wiki mbili. Halafu ni mzani. Kibarua analipwa kwa kilo, na jani mbichi ni maji mob: kilo nne na kitu ndio hutoa kilo moja ya majani makavu.

Kiwandani hapo ndio pua inafurahi. Jani inanyaushwa masaa mob, inasagwa, inararuliwa, inakunjwa, halafu inaachwa ipigwe na hewa. Unaiona ikitoka kijani ikigeuka rangi ya shaba mbele yako. Baada ya hapo ni kukaushwa, gunia, na mnada wa Mombasa, kwenye wanunuzi wa dunia nzima wanashindana kwa bei.

Na hizo milima ziko na stori nzito. Chai iliingia Kenya 1903, pale Limuru. Miaka ya 1920 kampuni za wazungu zikashika Kericho, ardhi ya Wakipsigis. 1934 serikali ya mkoloni ikabeba ukoo wa Talai mzima, ikaenda kuwatupa Gwassi, mbali karibu na Ziwa Victoria. Mpaka leo familia zao zinadai haki. Wakulima wadogo nao walipata njia yao 1964, shirika yao ya chai, KTDA, ilipoanzishwa, na sasa ni zaidi ya laki tano. Ukiwapata karibu na Oktoba, stori ni moja tu: bonasi ya chai. Kwa mashamba ya kampuni stori ni ingine: Mei 2023 watu walichoma mashine za kuchuma chai, juu mashine moja inabeba kazi ya mikono mob. Mathe alinibongesha hiyo maneno bila kupandisha sauti, akiendelea kuchuma.

Hapo ndio nilifikiria kwetu. Kabla vita ifunge barabara, wageni walikuja Vitshumbi juu ya viboko na makongoti zenye hutembea katikati ya watu. Walipiga picha, wakaishia. Wachache sana waliuliza bamama bei ya tilapia, ama kwa nini nyavu zinarudi nyepesi. Na jibu ilikuwa hapo hapo kwa picha zao. Miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Ujangili ukawamaliza, kufikia 2005 hawakufika 2,000. Mavi ya kiboko ndio inalisha maji, na maji inalisha samaki. Kiboko ikiisha, sufuria ya mvuvi inajua.

So ukienda Kericho, enda vizuri. Ingia na guide wa pale pale, umlipe bila kumkamua. Kiwanda unapiga simu kwanza, hauibukii tu mlangoni. Majani ya chai nunua huko, ganji ibaki mlimani. Shambani usianze na simu. Sema “Chamgei”, omba ruhusa, halafu uliza kilo moja wanalipwa ngapi na hiyo inatosha nini. Jibu yake ndio ubebe urudi nayo mtaani, uishow mbogi mkiwa mnakunywa chai.