Kompyuta Ikitekwa, Ufunguo Anao Nani?

Fikiria uko Katumba, umebakiza siku mbili ukabidhi ripoti yako ya utafiti. Unawasha laptopu: mafaili hayafunguki, na kwenye skrini kuna ujumbe, "Lipa, la sivyo yanapotea." Hapo umeingiliwa na programu ya kudai fidia.

Inafanyaje kazi? Inayafunga mafaili kwa hesabu ngumu, na ufunguo anabaki nao mhalifu. Ndiyo maana hata antivairasi ikiiondoa programu yenyewe, mafaili yanabaki yamefungwa.

Tarehe 12 Mei 2017, programu ya aina hiyo iitwayo WannaCry ilivamia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Ilianza kwa kudai dola 300 kwa Bitcoin. Kinachouma ni kwamba Microsoft walishatoa marekebisho ya Windows tangu Machi, ila wengi hawakuyaweka. Ndiyo sisi hao tunaobonyeza "baadaye" tukihurumia bando!

Basi tenga bando la masasisho. Usifungue viambatisho usivyovitarajia, na flashi iliyotoka steshenari iskani kwanza. Kubwa kuliko yote, weka nakala kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Ukiiacha imechomekwa, nayo itafungwa.

Ukishatekwa, kata intaneti mara moja. Kulipa hakukuhakikishii ufunguo. Mwenye nakala hana haja ya kumbembeleza mtekaji.

Ripoti yako je, ina nakala ngapi leo?