Masizi ya Injini za Ndege

Jet A-1, mafuta ya injini nyingi za ndege, ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, yale ambayo mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, huitwa petroli. Utambi wa taa ukipandishwa kupita kiasi, mwali hurefuka na kuwa mwekundu, na kioo huanza kuingia weusi: mafuta yamezidi hewa, na kaboni iliyokosa oksijeni imegandamana kuwa masizi. Ndani ya injini ni vivyo hivyo. Masizi huzaliwa karibu na pua inayonyunyiza mafuta, mengi huungua palepale, na yaliyoponyoka hutoka nyuma.

Chembe hizo kwa kawaida hazifiki nanomita 100, kwa hiyo pua na koo hazizizuii. Hupenya hadi vifuko vya hewa vya mapafu. Mwaka 2014 watafiti walikuta chembe ndogo za aina hiyo, si masizi peke yake, zimeongezeka maradufu hadi kilomita 16 upande unakoelekea upepo kutoka uwanja wa Los Angeles.

Tangu tarehe 1 Januari 2023, kanuni za kimataifa huhesabu uzito na idadi ya chembe, lakini kwa injini za jeti zenye msukumo unaozidi kilonyutoni 26.7 tu. Helikopta na ndege za pangaboi, wageni wa kawaida wa uwanja wa Bunia, hazimo. Hata hivyo ndege za Bunia ni chache, na kwa mapafu ya mkazi wake moshi wa kuni na makaa jikoni ni mzigo mzito zaidi.

Juu angani masizi yana kazi nyingine. Penye baridi ya chini ya nyuzi 40 hasi, ambayo karibu na ikweta hupatikana kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, mvuke wa injini huganda juu ya chembe hizo na kuchora mstari mweupe. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mstari hutanda kuwa wingu linalozuia joto la dunia kutoka. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kuwa mawingu hayo huongeza joto kuliko kaboni dioksidi yote ya ndege, ingawa kadirio lenyewe lina mashaka mengi.

Kinachozalisha masizi zaidi ni kemikali za aromatiki zilizomo katika mafuta. Vipimo vya angani vya Ujerumani na Marekani, vilivyotangazwa mwaka huohuo, vilionyesha kuwa mafuta yaliyopunguziwa kemikali hizo hupunguza masizi na punje za barafu kwa asilimia 50 hadi 70. Punje zinazobaki huwa kubwa zaidi, hivyo huanguka na kutoweka upesi.