Kumtafuta Mfasiri wa Mila za Kusini kwa Kiarabu

Elimu ya mila na desturi za wanadamu, iitwayo anthropolojia, imeandikwa kwa wingi juu ya watu wa kusini mwa Tanzania yetu, kuanzia Mikindani na Likombe hata bonde la Ruvuma na nyanda za Newala. Lakini iliandikwa kwa Kijerumani, kisha kwa Kiingereza, na ng'ambo ya mto kwa Kireno, hata msomaji wa Maskati, ambaye pengine babu yake alifanya biashara katika bandari zetu, hawezi kuisoma kwa Kiarabu asipopatikana mfasiri. Wala si kila hodari wa lugha mbili anayefaa.

Karl Weule, Mjerumani aliyefika kusini mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, alizunguka Masasi na Newala akipiga picha na kunasa nyimbo kwa mashine ya nta. Kitabu chake kilitoka 1908, na mwaka uliofuata kikafasiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner, bibi aliyewahi kukaa Nyasaland na ambaye baadaye alifundisha Kiswahili London. Naye, kwa kuwa mambo yenyewe aliyafahamu, alikitia dibaji na maelezo yake. Mfasiri wa namna hiyo ndiye tunayemhitaji.

Kwani Kiingereza hutumia neno moja kwa jando la wavulana na unyago wa wasichana, na mfasiri asiyejua, akiandika khitani, yaani tohara, kila mahali, atamsadikisha msomaji kwamba mabinti wa Kimakonde hutahiriwa, ilhali unyago wao ni ngoma, mafunzo na nasaha za makungwi, wala wembe haumo. Huo si upungufu mdogo. Ni kuwazulia watu jambo wasilolitenda. Mjomba naye ana neno lake la Kiarabu lililo sahihi, lakini Mwarabu amezoea ukoo wa baba na ami, na asipoelezwa kwamba Wamakonde kwa jadi huhesabu ukoo kwa mama, hatafahamu kwa nini mjomba ndiye mwenye kauli.

Kwa rai yangu, watafutwe kwanza wenye asili ya Unguja na Pemba walioko Omani, hasa waliorejea baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, kwani wengi wao walilelewa kwa Kiswahili na wana Kiingereza na Kiarabu pia. Hata hao wajaribiwe, na kwa ujira, si kwa ukurasa wa dibaji bali kwa ukurasa wa mirathi au wa jando. Kisha mfasiri aieleze tafsiri yake kwa Kiswahili mbele ya wazee wa Likombe, nao waseme kama wamejitambua. Mlango wa unyago apewe mfasiri mwanamke, akae na makungwi, kwa maana mambo hayo hayasemwi mbele ya wanaume, na yako ambayo makungwi watataka yasiandikwe kabisa.