Maporomoko ya Sanje: Namna ya Kupanga Safari ya Siku Moja

Mkazi wa vijiji vilivyo kando ya barabara ya Kidatu hadi Ifakara huyaona Maporomoko ya Sanje bila kulipa senti. Mvua zikikolea, utepe mweupe huonekana ukining'inia kwenye ukuta wa kijani wa Milima ya Udzungwa, juu ya mashamba ya miwa. Tunaupita tukienda sokoni, tunauonyesha kwa wageni wetu, kisha tunaendelea na shughuli. Hata hivyo, wengi wetu hatujawahi kusimama karibu na maji hayo. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Ukaribu huo wa macho ndio unaotuponza. Mgeni atokaye mbali huuliza, hujiandaa na hufika asubuhi. Sisi tunaoyaona maporomoko kila siku huelekea kuyahesabu kuwa jirani, tukaamua kupanda baada ya chai ya saa nne, miguuni tumevaa kandambili na mkononi tumeshika chupa moja ya maji ya watu watatu. Makala hii inaeleza namna ya kuipanga safari hiyo ili kila aliyepanda ashuke salama, na msitu ubaki kama ulivyokutwa.

Hifadhi na njia zake

Maporomoko ya Sanje yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, ikigawanyika kati ya mikoa ya Morogoro na Iringa, na makao yake makuu yako Mang'ula. Tofauti na Mikumi, ambako watalii huzunguka kwa magari, Udzungwa hutembelewa kwa miguu. Kwa hiyo jambo la kwanza la kupanga si usafiri bali uwezo wa miguu ya kundi lenu.

Njia ya Sanje huanzia kijiji cha Sanje, takriban kilomita 10 kaskazini mwa Mang'ula. Mzunguko wake una urefu wa kilomita 5 hivi, na kwa kawaida huchukua saa 4. Mtu aliyezoea barabara tambarare atashangaa kusikia kwamba kilomita 5 zahitaji muda mrefu hivyo. Sababu ni mwinuko: maporomoko yenyewe yana kimo cha takriban mita 170, na njia hupanda kando ya ukuta huohuo, juu ya mizizi, mawe na udongo unaoteleza. Mlimani umbali hupimwa kwa saa, wala haupimwi kwa kilomita.

Kundi lenye wazee au watoto wadogo lina njia nyepesi zaidi. Maporomoko ya Prince Bernhard yako karibu na makao makuu, na njia yake ni ya kilomita 1 hivi. Njia ya Sonjo ina urefu wa kilomita 2.5 na huchukua kama saa 2. Njia ya kilele cha Mwanihana, yenye kilomita 38, si ya siku moja. Hulala watu porini usiku mbili. Kanuni ni kuchagua njia kwa kumtazama aliye dhaifu kuliko wote katika kundi, kwa maana mwendo wake ndio utakaokuwa mwendo wa kila mmoja.

Ruhusa, ada na mwongozaji

Kuingia hifadhini bila kibali ni kosa kisheria, hata kama mpaka wa hifadhi unapakana na shamba la baba yako. Fikeni au pigeni simu katika ofisi ya hifadhi Mang'ula siku kadhaa kabla ya safari. Ulizeni mambo manne: ada ya kuingia, ada ya mwongozaji, hali ya njia kwa wiki hiyo, na namna ya kulipa. Malipo hufanywa kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo msitegemee fedha taslimu mfukoni. Mtanzania hutozwa kiwango cha chini kuliko mgeni wa kutoka nje. Aje na kitambulisho cha Taifa kuthibitisha uraia wake. Shule zinazotaka kuwapeleka wanafunzi ziandike barua mapema, zikitaja idadi yao, umri wao na majina ya walimu wasimamizi.

Wapo wanaoona kumlipa mwongozaji ni gharama isiyo ya lazima kwa mtu aliyezaliwa chini ya mlima. Mwongozaji hujua mahali mti ulipoangukia njia juzi, mahali tembo walipopita alfajiri, na ni kijito gani kisichovukika baada ya mvua. Elimu hiyo haitokani na kuutazama mlima kutoka barabarani.

Msimu wa kupanda

Milima ya Udzungwa ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kuishia huku kwetu. Upande wetu wa mashariki hupokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Ndiyo maana msitu hupanda mfululizo kutoka bondeni hadi vileleni, na ndiyo maana mito yetu haikauki upesi.

Kuanzia Juni hadi Oktoba njia huwa kavu na salama zaidi, ingawa maji hupungua kadiri kiangazi kinavyosonga. Machi hadi Mei ni masika: maporomoko huwa na fahari kubwa, lakini njia huteleza na vijito hujaa. Anayetaka maji mengi na njia inayopitika aulize ofisi ya hifadhi habari za mwezi Juni, masika yanapokuwa yamekwisha na milima ingali imeshiba.

Saa ya kugeuka

Watu wengi hupanga saa ya kuondoka. Wachache hupanga saa ya kugeuka. Hii ya pili ndiyo yenye kuokoa maisha.

Sisi tuko mashariki ya mlima. Jua likishavuka utosi huelekea nyuma yake, na upande wetu hupata kivuli mapema, huku Ifakara kungali kukiwaka. Chini ya miti mikubwa giza hutangulia zaidi. Anayeshuka saa kumi na moja jioni huenda akaikuta njia haionekani ilhali wenzake wa bondeni wanaendelea kupalilia.

Chukulia familia ya watu sita wanaotoka Ifakara. Wakifika Mang'ula saa moja na nusu asubuhi, wakamaliza taratibu za ofisi na kufika Sanje saa mbili na nusu, wanaweza kuanza kupanda mara moja. Kwa mwendo wa pole, wenye kupumzika, watafika kwenye maji kati ya saa nne na nusu na saa tano. Watakula, watatazama, na saa sita kamili wataanza kushuka. Saa nane au nane na nusu watakuwa kijijini, na akiba ya saa kadhaa za mwanga imebaki.

Wakichelewa, saa sita haisogezwi. Kundi likifikia saa sita likiwa nusu ya njia, ligeuke hapohapo. Maporomoko yatakuwepo mwezi ujao. Jambo hili likubaliwe na wote kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu mtu akishausikia mvumo wa maji, si rahisi kumshawishi arudi.

Mavazi na mizigo

Bonde letu ni la joto na unyevunyevu, na msituni upepo ni haba. Kila mtu mzima abebe maji yasiyopungua lita 2, na chakula kisichoharibika upesi: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga, ndizi. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli yenye meno. Suruali ndefu huzuia upupu, kupe na miiba. Ikiwezekana iingizwe ndani ya soksi, kwani siafu hawabishi hodi. Koti la mvua libebwe hata kiangazi. Tochi iwemo hata kama mnarejea mchana. Bendeji, dawa za anayetumia dawa kila siku, na filimbi vitoshe katika mfuko mmoja. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Tumieni kikapu au mkoba wa nguo.

Mwenzenu akianza kulalamika kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kuuma, msimhimize. Mketisheni kivulini, mlegezeni nguo, mpeni maji kidogo kidogo, na mloweshe shingo na mikono. Akichanganyikiwa au kuishiwa nguvu, safari ya kupanda imekwisha. Anahitaji msaada wa tabibu haraka.

Maji yenyewe

Chini ya maporomoko kuna mabwawa yanayovutia kuogelea, na hapo ndipo penye kuhitaji busara kuliko mahali pengine popote. Mto wa Sanje hautoki pale unapoonekana. Hukusanya maji kutoka msitu wa juu, mahali ambapo aliye chini hawezi kupaona. Mvua yaweza kunyesha huko juu wakati anga la bondeni ni jeupe, na maji yakafika kwa ghafla.

Zipo dalili za kutazama: maji maangavu kugeuka rangi ya chai ya maziwa; majani na vijiti vingi kuanza kuelea; mvumo kuongezeka; jiwe lililokuwa kavu kuanza kulowa. Ikionekana hata moja, wote watoke majini na kupanda mahali pa juu, bila kurudi kuchukua viatu. Asiingie mtu majini pasipo idhini ya mwongozaji. Asiruke mtu kutoka mwambani, kwa kuwa kina cha bwawa hubadilika kila baada ya mafuriko. Na asisogee mtu ukingoni juu ya maporomoko kwa ajili ya picha. Mawe ya pale yana ukungu wa kijani usioonekana na macho.

Wenyeji wa msitu

Anayetembea kimya huona mengi. Mbega mwekundu wa Udzungwa hapatikani popote duniani ila katika milima hii na misitu ya bondeni iliyo karibu nayo. Kijiji cha Sanje kimempa jina kima mwingine, mangabe wa Sanje, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1979, na ambaye naye ni wa Udzungwa pekee. Msiwape wanyama hawa chakula: kima aliyezoea mkate wa mgeni leo, kesho atafuata mahindi ya mkulima.

Tembo na nyati wamo pia. Mkikuta kinyesi kibichi au matawi yaliyovunjwa muda si mrefu, simameni, nyamazeni, mumsikilize mwongozaji. Wakazi wa mpakani wanaijua hasara ya tembo shambani, na hasira hiyo inaeleweka. Lakini njia ya mlimani si mahali pa kuilipiza.

Kisichochukuliwa

Wazee wetu wanakumbuka siku za kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi kwa ruhusa. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011, na kwa kaya nyingi haikuwa habari njema. Msitu huo huo, hata hivyo, ndio unaoshika mvua na kuiachilia taratibu kwenye mito inayofika mashambani na majumbani mwetu. Kibali cha kutembea si kibali cha kuchuma. Kuni, uyoga, dawa za miti shamba na maua vibaki vilipo. Moto usiwashwe, na kila ganda na chupa irudi chini na aliyeipandisha.

Kabla ya kuondoka nyumbani

1. Mwachieni ndugu au mwenyekiti wa kitongoji majina ya wanaokwenda, njia mliyoichagua na saa mnayotarajia kurudi.
2. Kubalianeni naye saa ya kuanza kuulizia: mfano, asipopata habari hadi saa kumi na moja jioni, awasiliane na ofisi ya hifadhi.
3. Hifadhini simuni namba ya ofisi ya hifadhi, ya mwongozaji, na namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Mtandao wa simu hukatika katika mikunjo ya mlima. Pigeni mkiwa mahali penye uwazi.
4. Hesabianeni kabla ya kupanda, mkifika kwenye maji, na mkishashuka. Anayeongoza na anayefunga msafara wawe watu wazima.
5. Hakikisheni usafiri wa kurudi. Dereva wa bodaboda au bajaji aambiwe saa, na namba yake ichukuliwe.
6. Mkifika salama, mjulisheni yule mliyemwachia majina. Asiachwe akihangaika usiku kuwatafuta watu waliokwisha kulala.

Kundi lililopanga hivi litafika juu likiwa na nguvu za kutosha kugeuka na kutazama lilikotoka. Kutoka pale bonde lote la Kilombero hutandazwa mbele ya macho: miwa, mapaa ya mabati, barabara tuliyoizoea. Mtu akipaona nyumbani kwake kutoka mahali maji yake yanapoanzia, hahitaji tena kuhimizwa kuutunza mlima.