Skrubu imara haiokoi chuma chembamba

Wafanyabiashara wanaovusha mabati na vyuma vya kenchi Namanga au Busia huuliza kwanza bei ya skrubu. Swali kubwa zaidi ni unene wa chuma inachoshika.

Upepo ukivuta paa juu, mara nyingi skrubu haikatiki. Hung'oka kwenye chuma chembamba, au bati huchanika kuzunguka kichwa chake. Kwa skrubu ileile na chuma cha ubora uleule, kenchi ya milimita 0.5 hushika karibu nusu ya ile ya milimita 1. Washa pana hulinda bati lisichanike, lakini haiongezi mshiko wa meno ya skrubu.

Geji nayo huhesabiwa kinyume: 30 ni nyembamba kuliko 28. Pima kwa maikromita kabla ya kulipia mzigo. Paa likiezuliwa, mteja atarudi dukani kwako.